Chupa Isilale Tupu

Mvua za masika zilipokatika, watu wa kambi ya Nakivale walikuwa wamekwisha kuacha kumwita Mama Uwizeye. Hakuna aliyewaambia waache. Walirudi tu polepole kwenye jina lake la usichana, Nathalie, kama mtu anavyorudisha kiti alichoazima kwa jirani. Aliyebaki akimwita hivyo ni mama mkwe wake, mzee Nyiramana, na huyo aliita kwa sauti ileile ya siku zote, Mama Uwizeye chai imepoa, Mama Uwizeye funga mlango, hata mpita njia akisikia angedhani mtoto yumo ndani amelala.

Mtoto alikuwa amezikwa. Homa ilimshika mtoto wakati Nathalie yuko kazini Mbarara, na alipofika kambini udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa, na wanawake wa kanisa wameketi kwenye mkeka wakimngoja aje walie naye. Hakulia. Aliomba maji, akanawa miguu, akakaa. Mmoja akamshika bega akasema lia, mwanangu, machozi yakibaki ndani yanaoza. Nathalie akaitikia ndiyo, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani, akaendelea kutazama jembe lililoegemezwa ukutani, lenye tope bichi.

Mumewe Ngabo hakuwapo. Alirudi Kongo, milimani juu ya Uvira, kutazama kama ng'ombe wa marehemu baba yake walibaki hata mmoja. Aliondoka mimba ikiwa changa. Tangu hapo walisikia habari zake mara moja, kwamba alionekana sokoni ng'ambo ya ziwa akiwa mzima, kisha kimya. Ngabo hakujua kama mtoto alizaliwa wa kike au wa kiume. Hakujua kama alizaliwa.

Ndiyo maana siku ya matanga, watu walipotawanyika, Nyiramana aliuliza jambo moja tu. Alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha bati cha mtoto mkononi, ndani yake maziwa kidogo yaliyoganda, wala hakutaka kioshwe.

"Ngabo akirudi," alisema, "tutamuonyesha nini?"

Nathalie akafikiri kidogo. Akajibu kwamba kuna picha.

Picha yenyewe ilikuwa bado haijawa picha. Bonaventure, mwajiri wake, mpiga picha wa Mbarara, alikuwa na desturi ya kwenda Nakivale siku za soko. Alifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa duka, akaweka kigoda, na watu wakapanga foleni kupigwa picha ndogo za kubandika kwenye karatasi zao za ukimbizi. Safari ya mwisho, alipokuwa akikunja shuka, alimwona Nyiramana amepita na mjukuu, akamwita. Filmu ilikuwa na nafasi chache zimebaki, akasema, na mtoto wa mfanyakazi wake hawezi kupita bure. Nyiramana akakaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto mapajani, akavuta kitenge vizuri. Bonaventure akapiga mara moja. Kisha akarudi Mbarara na filmu ndani ya kamera, haijaisha, akaimalizia kwa wanafunzi. Ilikuwa kwenye kikopo chake siku habari ya msiba ilipofika.

Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya Uwizeye yote iliyobaki duniani. Kipande cha plastiki kisichoweza kuona mwanga, ndani ya kikopo cheusi, kwenye rafu.

Bonaventure alikuwa amepanga vyumba viwili ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga. Cha mbele kilikuwa na kiti, kitambaa cha ukutani, na kioo ambacho wasichana wa shule walipigania. Cha nyuma hakikuwa na dirisha. Picha za rangi zilikwenda mjini kwenye mashine, lakini zile ndogo nyeusi na nyeupe aliendelea kuzisafisha mwenyewe, kama alivyozisafisha Bukavu kabla ya vita. Nathalie alikuja pale kufagia. Aliishia darasa la sita, na hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alikuwa mtu wa kutazama. Bonaventure hakukumbuka kumfundisha. Siku moja alirudi kutoka mjini akakuta dawa imechanganywa, akaonja kwa kipande cha filmu, akakiona kimekuwa cheusi tititi, akauliza nani amefanya hivi. Tangu siku hiyo ufagio ukawa wa watu wote wawili, na dawa zikawa za Nathalie.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ndiyo ya kusafisha, inayoitoa sura gizani. Ya pili waliiita hipo, na kazi yake ni kuishika sura isiondoke. Ya kwanza huamsha, ya pili hulaza, na zikichanganyika hakuna inayofanya kazi yake.

Ya kusafisha ilitaka subira. Maji aliyakinga kwenye bati wakati wa mvua, akayachemsha mpaka yatoe pumzi, kwa sababu hewa ndiyo adui, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie. Hapo huanza na unga unaoitwa metoli, peke yake, na chembe tu ya unga mwingine, salfaiti. Bonaventure alimwita metoli bibi harusi, akikuta nyumba imejaa watu haingii. Na kweli, ukitangulia kumimina salfaiti yote, metoli huelea juu kama pumba na kukataa. Akishaingia ndipo huja wengine, kila mmoja akiyeyuka mpaka mwisho kabla mwenzake hajabisha hodi, na soda ikishuka jagi hupata joto, ukilishika unasikia kama limebeba uji.

Hipo ilikuwa kinyume. Chembe zake ni kama chumvi ya mawe, na zikiyeyuka maji hugeuka baridi ghafla, bakuli likatoka jasho kwa nje. Mtu mgeni akitia mkono hurudi nyuma. Nathalie siku za kwanza alikuwa akicheka peke yake kila mara. Baada ya msiba alikoroga hipo kama kawaida, na mara nyingine aliona vidole vyake vimepauka, akavitoa kwa sababu ameviona, si kwa sababu vimemuuma.

Kuchanganya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza. Dawa ya kusafisha huwekwa kwenye chupa ya kahawia na hujazwa mpaka mdomoni, kizibo kikigusa maji. Ukiacha nafasi, hewa hukaa mle kama mpangaji asiyelipa, na baada ya siku chache dawa inakuwa rangi ya chai, na ikifika rangi ya chai imekufa. Lakini dawa hutumika, na chupa hupungua. Kwa hiyo Nathalie aliokota kokoto mtoni Rwizi, akazisugua na kuzichemsha, na kila alipotoa dawa alidondosha kokoto moja moja mpaka dawa ikapanda tena hadi mdomoni. Hivyo chupa zake zote zilikuwa zimejaa siku zote, hata zilizokaribia kwisha.

Kabanda, fundi viatu wa mlango wa pili, Mnyankole wa Mbarara hapohapo, alikuwa akichungulia akiona zile chupa na kutikisa kichwa. "Nyinyi watu ya Kongo," alisema, "napika waragi huko nyuma, na mimi jirani sionji hata kidogo." Nathalie alimjibu kila mara kwamba aje na glasi yake. Tangu msiba, alipomtania, Nathalie alitabasamu kwa heshima, na Kabanda akarudi kwenye kiatu chake akishona pole pole.

Nyiramana alikuja Mbarara baada ya matanga. Shamba lake la maharage alimwachia jirani, akafunga mkeka, akasema Mama Uwizeye hawezi kulala peke yake. Walilala kwenye kichumba kilichoshikana na chumba cha giza, na kati yao kulikuwa na pazia tu la blanketi. Mchana mzee alifagia, akachambua dagaa, akakaa kizingitini na kikombe cha bati miguuni. Hakuuliza chochote kuhusu dawa. Kila jioni aliuliza lilelile, kama ile picha imekuwa tayari, na Nathalie akajibu bado.

Ukweli ni kwamba Bonaventure alikuwa amemkabidhi kile kikopo siku aliyorudi kazini. Alikiweka mezani mbele yake kwa mikono miwili.

"Hii ni yako ya kusafisha," alisema. "Miye sitie mukono."

Nathalie akakiweka kwenye rafu. Siku zikapita. Hakuogopa, kwa sababu kuogopa kunataka nguvu. Kila asubuhi alikiona akakipanguza vumbi, na jioni alikikuta kimetulia, na hilo lilimtosha. Watu wa Nakivale waliopigwa picha kwenye filmu hiyohiyo walianza kutuma salamu za kuulizia. Bonaventure aliwajibu kwamba mvua ilichelewesha. Hata hivyo hakumharakisha.

Mwishowe kilichochoka si yeye, ni dawa. Ile iliyokuwapo ilianza kuelekea rangi ya chai. Nathalie akaona kwamba filmu ile haistahili dawa nzee. Akatoa mizani, akachemsha maji, akakaa chini mchana mzima akichanganya mpya, kila unga kwa zamu yake, taratibu kuliko siku zote. Dawa ilitoka safi kama maji ya chemchemi. Akalifunika jagi ili lipoe mpaka asubuhi. Chupa ya kahawia akaitoa kokoto, akaisugua kwa brashi, akaisuuza mara nyingi, akaigeuza mdomo chini juu ya kitambaa ikauke. Kwao ndivyo walivyotendea kila chombo. Baba yake alikuwa mkulima wa muhogo bondeni, na mama yake hakuwahi kulaza sufuria bila kuiosha na kuigeuza.

Kwa akina Ngabo haikuwa hivyo. Wao walikuwa watu wa ng'ombe. Alipoolewa, jambo la kwanza Nyiramana alilomfundisha lilikuwa kibuyu cha maziwa. Kibuyu hakimiminwi mpaka tone la mwisho na hakiachwi kikavu. Hubakizwa kidogo chini, ili ya jana yaite ya leo. Kikilala kitupu ni kama kuwaambia ng'ombe tumemalizana. Hata kambini, ambako hawakuwa na ng'ombe wala ndama, Nyiramana aliweka kibuyu kimoja, na maziwa aliyoyanunua kwa wafugaji wa njia ya Ngarama aliyabakiza kijiko kimoja. Nathalie aliyajua hayo yote. Hakuyafikiria kwenye chumba cha dawa, kwa sababu mule hakukuwa na maziwa.

Asubuhi alikuta chupa imesimama wima, imerudishwa kwenye rafu mahali pake. Aliiona. Aliinyanyua na mkono wake ukajua kwamba ni nzito kidogo kuliko chupa tupu, lakini mkono ulijua peke yake, haukumwambia mtu. Akamimina dawa kutoka kwenye jagi. Jagi lile na chupa ile vilikuwa vimezoeana, jagi zima liliingia chupani na kufika mdomoni bila kubaki wala kupungua. Siku hiyo chupa ilijaa na jagini kukabaki kama glasi moja. Nathalie akasimama na jagi mkononi. Akatazama kilichobaki. Kisha akakimwaga nje, akafunga kizibo.

Alikuwa pia na desturi ya kukata ncha ya filmu, ile isiyo na picha, na kuichovya kwanza kuona kama inakuwa nyeusi. Lakini hilo hufanywa kwa dawa nzee. Hii aliipika mwenyewe jana. Hakukata.

Akazima taa, akaivuta filmu kutoka kikopo chake gizani, akaizungusha kwenye kiviringo kwa vidole. Gizani alikuwa hodari. Muda wa dawa alikuwa akiupima kwa wimbo wa kanisani, anaimba beti zake moyoni na zikiisha dawa nayo imekwisha kazi. Wimbo ule waliuimba kaburini kabla hajafika; aliambiwa. Siku hiyo hakuuimba. Aliiweka saa ya Bonaventure sikioni, akasikiliza inavyogonga mpaka alipoona inatosha. Akamwaga. Akatia hipo. Akangoja.

Alipofungua na kuikunjua filmu kwenye mwanga, aliona ukungu. Filmu nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, ilikuwa ya kijivu kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na ndani ya ukungu mlikuwa na vivuli, kila kimoja mahali pake, kimekaa kwenye kigoda chake. Vichwa visivyo na macho. Mabega. Aliitundika kwa kibanio, akafuta maji kwa vidole viwili, akaosha mikono.

Bonaventure aliingia akaiona. Akaishika kwa ncha, akaipeleka mlangoni kwenye jua, akaipitisha taratibu mbele ya uso wake.

"Bale bantu ya Nakivale nitabapiga tena," alisema. "Soko linalokuja. Na banafunzi pia, baite. Bote bataikala tena, haina shida..."

Alikuwa amefika kwenye kivuli kimoja kilicholala, si cha kukaa.

"Sikuosha chupa," alisema Nathalie.

"Weye?"

"Ndiyo."

Bonaventure akamtazama. Alijua kwamba mtu yule angesahau kula kabla hajasahau kuosha chupa. Lakini alikuwa mtu mzima aliyeacha duka zima Bukavu na kufunga mlango kwa ufunguo kana kwamba atarudi jioni, akajua kuna wakati mtu akisema neno lake unaliacha tu lipite. Akairudisha filmu kwenye kibanio. Akaenda mbele kuwapokea wateja.

Nathalie alibaki nyuma akitazama rafu. Sasa aliitazama kama alivyozoea kuitazama zamani, chupa moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimejaa mpaka mdomoni, isipokuwa ya hipo. Ya hipo, ingawa aliyoitumia asubuhi alikwisha kuirudisha, ilikuwa imepungua kama glasi moja, na hakuna kokoto iliyodondoshwa. Shingoni mwake palikuwa na mfereji mweupe uliokauka, unga wa chumvichumvi, kama mtu aliyemimina kwa mkono usiozoea. Akakumbuka uzito. Akakumbuka kilichobaki jagini. Vitu vyote vilikuwa vimemwambia, kimoja baada ya kingine, kwa heshima kabisa.

Alivuta pazia la blanketi. Nyiramana alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nathalie akachuchumaa mbele yake, akaanza kuchambua naye, na baada ya kitambo akamuuliza kama jana alipofagia aliigusa ile chupa ya kahawia.

"Eee," alisema Nyiramana. "Nilikuta inalala bule, tupu, mudomo chini. Nikaishimamisha. Nikatia kidogo ya ile ya pembeni, isilale bule." Akatupa kichwa cha dagaa. "Chombo ya kazi yako, Mama Uwizeye. Na kazi yenyewe ni ya mutoto. Ningeacha aje?"

Aliyasema bila kujisifu, kama mtu anayesema alifunika moto kwa majivu. Nathalie akaitikia kwamba ni vizuri. Akachambua dagaa mpaka wakaisha, akaupepeta ungo, akarudi kwenye giza.

Ndani yake alitafuta hasira, kama mtu anavyopapasa kiberiti mahali anapokiweka siku zote, asikikute. Alijua kama angelikuwa mtu mwingine angepiga ukelele. Angeweza kumwambia mzee, mama, umemfuta. Neno lilikuwepo, fupi, halina uzito wowote mdomoni. Alilitazama tu. Halafu akalitazama pazia, na nyuma ya pazia ule mkono mzee uliotoka kwenye chombo kwenda kwenye chombo ukibakiza kidogo, ukibakiza kidogo, tangu milimani mpaka Nakivale mpaka hapa, na aliona kwamba akilisema, mkono huo utakuwa na nini tena cha kufanya.

Akaikata filmu mahali pa kile kivuli kilicholala. Akawasha taa nyekundu. Alichukua karatasi ngumu kuliko zote, ile ya picha zilizofifia, akaiangazia muda mrefu, akaichovya. Karatasi ilikaa nyeupe kwenye dawa kiasi cha kukatisha tamaa. Kisha vikaanza kuja vitu. Kitenge kwanza, maua yake makubwa. Kisha mikono miwili ya Nyiramana, mishipa yake yote, imetandazwa kama ya mtu anayepokea kitu. Kigoda. Mikunjo ya shuka. Na katikati, mapajani, juu ya maua ya kitenge, palikuwa na weupe. Weupe ulikuwa na umbo, ulikuwa mrefu kidogo na upande mmoja mviringo, lakini haukuwa na uso. Nathalie aliuinamia mpaka pua ikakaribia dawa. Alingoja. Karatasi ikaanza kuwa nyeusi pembeni, akaitoa.

Aliirudia mara kadhaa, kwa muda mfupi zaidi, kwa mrefu zaidi, kwa dawa ya uvuguvugu. Mikono ilikuja kila mara. Mtoto hakuja.

Akaichagua iliyo bora, akaiosha, akaikausha, akaipunguza kingo kwa mkasi. Jioni ilipofika na swali likaja, kama lilivyokuja kila jioni, alijibu kwamba iko tayari.

Nyiramana alijifuta mikono kwenye kitenge, kilekile cha maua. Akaipokea picha kwa mikono miwili, akatoka nayo kizingitini kwenye mwanga uliobaki. Akaikaribisha machoni, akaisogeza mbali. Macho yake hayakuwa mabovu. Kabanda alikuwa anafunga duka lake. Aliona mzee ameshika picha, akavua kofia, akapita bila utani.

"Hii ni mikono yangu," alisema Nyiramana.

"Ndiyo, mama."

"Na hii ni kitenge."

"Ndiyo."

Kidole chake kikapita juu ya maua, kikafika kwenye weupe, kikakaa hapo. Nathalie alikuwa amesimama nyuma yake. Neno alilokuwa amelitayarisha mchana kutwa alilitoa sasa, kwa sauti ya kazini, ile anayowaambia wanafunzi.

"Alitikisika, mama. Mutoto akitikisika, picha inakuwa hivyo. Kamera inataka mutu atulie."

Walisikia watu wakivuka daraja la Rwizi wakirudi kutoka mjini, wakiongea Kinyankole, mmoja akicheka.

"Siku ile alikuwa analala," alisema.

Nathalie hakuwapo siku ile. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto alikuwa amelala. Neno alilokuwa ametayarisha lilikuwa lile moja tu.

Mzee aliitazama picha tena. Kisha akageuza kichwa, akatazama kwa bega lake ndani ya nyumba, kwenye pazia, na kupitia upenyo wa pazia hadi kwenye rafu ambako chupa zilisimama. Alizitazama kwa muda. Nathalie aliona uso wake ukifika mahali, ukakaa hapo, kama mtu aliyefika nyumba aliyoitafuta na kukuta ndiyo yenyewe. Akageuka tena kwenye mwanga.

"Basi alitikisika mu ndoto," alisema. "Batoto banatikisikaka mu ndoto."

"Ndiyo, mama."

"Tutamuambia Ngabo vile. Kwamba hakutulia."

"Tutamwambia."

Akaifunga picha ndani ya leso, akaiweka kifuani. Wakaingia ndani. Nathalie alilala. Siku zile alilala vizuri, usingizi mzito usio na kitu ndani, akiamka anajikuta pale alipojiacha.

Asubuhi Bonaventure aliondoka mapema na shuka lake jeupe kwenda Nakivale kuwapiga watu picha upya. Nathalie aliingia chumba cha nyuma kuimwaga ile dawa iliyoharibika na kuanza upya. Alikuta imekwisha kumwagwa. Kokoto zilikuwa zimeoshwa na kupangwa kwenye kitambaa, moja moja. Chupa ya kahawia ilikuwa imeoshwa kwa brashi, imegeuzwa mdomo chini, na ndani yake hamkuwa na tone. Pembeni yake, juu ya kitambaa hichohicho, kikombe cha bati nacho kilikuwa kimegeuzwa, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kikavu.

Nje, mzee alikuwa anafagia.

Nathalie alikaa kwenye kigoda cha kazi. Aliusikiliza ufagio ule, ukienda na kurudi. Baada ya kitambo alisimama, akachemsha maji, akayaacha yatoe pumzi.

"Mama Uwizeye," ikaita sauti kutoka nje, "chai inapoa."

"Nakuja, mama," alisema.